Tunakosa mafundi wa mitambo mizito, na sababu tunaijua

Bwana Mhariri,

Kila habari ya ajira migodini inapoandikwa, swali la wasomaji ni lile lile: kwa nini kampuni za migodi ya shaba za Kolwezi, Likasi na Fungurume, hapa Kongo, zinaleta mafundi kutoka ng'ambo wakati vijana wa Lubumbashi wamekaa nyumbani na diploma zao? Hasira iliyomo katika swali hilo ni ya haki. Lakini jibu linalotolewa kila mara, kwamba wageni wanapendelewa tu, linafunika nusu nyingine ya ukweli. Kuna kazi ambazo mwajiri akizitangaza leo hapa mjini atapokea maombi mengi mno, na akiwaita waombaji na kuwapa pampu moja, komparateri mbili (vipimo vya mshale vinavyosoma sehemu ndogo za milimita) na muda wa saa nne, watakaoimaliza kazi watahesabika kwa vidole.

Upungufu huu hauko ngazi zote. Wasaidizi wa kubeba na kusafisha wapo tele. Wahandisi wa kuchora na kupiga hesabu, Fakulti ya Politekniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi inaendelea kuwatoa, na wengi wao ni vichwa vizuri. Pengo liko katikati: fundi wa mashini zinazozunguka, fundi wa umeme wa nguvu kubwa na wa vipimo, mchomeleaji wa mabomba aliyefanyiwa mtihani, na yule mhandisi wa matengenezo anayeweza kusimama nao kwenye mashini akawaonyesha. Tunaomba nafasi tuonyeshe ujuzi huo ni kitu gani hasa, maana ukitajwa kwa jina tu kila mtu hudhani anao.

Tuchukue pampu ya tope la madini inayoendeshwa na mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika. Beringi yake imekufa mara ya tatu ndani ya mwaka. Fundi ambaye hakufunzwa hubadilisha beringi, anarudisha mashini kazini, na baada ya miezi michache yuko pale pale. Aliyefunzwa huanza kwa kutafuta kinachoiua, na mara nyingi hukikuta kwenye kapulingi, kiungo cha mota na pampu: shafti ya mota na shafti ya pampu hazitazamani.

Kwanza anazima umeme, kila mtu wa kikosi anaweka kufuli lake mwenyewe, na kipimo kinathibitisha kwamba waya hauna umeme. Kisha anasafisha miguu ya mota na kitako chake hadi chuma kionekane. Anaweka komparateri juu ya mguu, analegeza bolti ya mguu huo peke yake na kutazama mshale. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, haukai sawa, na kibati cha unene unaofaa lazima kiingie chini yake. Vibati visizidi vinne chini ya mguu mmoja, kwa sababu vikiwa vingi vinabonyea kama springi na vipimo vyote vinahama mota ikianza kutetemeka. Baada ya hapo ndipo anapima kapulingi yenyewe, akizungusha shafti zote mbili pamoja na kusoma juu, chini, kushoto na kulia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Komparateri ikisoma tofauti ya milimita 0.20 kati ya juu na chini, shafti zimepishana milimita 0.10, yaani nusu ya kilichosomwa. Asiyejua hilo huweka kibati cha 0.20 na kuipeleka mota upande wa pili kwa kiasi kile kile ilichokuwa imekosea. Atapima tena, ataona namba ile ile imegeuka alama, na ataanza kulaumu chombo.

Kosa la pili ni la joto. Chuma kinarefuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Mota ambayo shafti yake iko sentimita 40 juu ya kitako, ikipata moto kwa digrii 40 zaidi ya ilivyokuwa imelala, inainuka karibu milimita 0.19. Pampu upande wa pili, yenye tope la baridi ndani, haiinuki hivyo. Kwa hiyo anayesawazisha hadi sifuri kamili asubuhi ya baridi ya Juni, mashini ikiwa imelala, amepanga kosa litakalotokea saa mbili baada ya kuwasha. Mota inapaswa kuachwa chini kidogo kwa makusudi, na kiasi kinapatikana kwa hesabu tuliyoonyesha au kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mwisho wa yote, bomba linapofungwa kwenye pampu, komparateri ibaki imewekwa kwenye kapulingi. Mshale ukisogea zaidi ya 0.05 wakati bolti za flanji (maungio ya bomba) zinakazwa, bomba linaivuta pampu. Bomba ndilo la kurekebishwa.

Beringi mpya nayo ina masharti yake. Hupashwa moto kwa hita maalumu hadi digrii 110 hivi, na isipite 120. Mwali wa gesi huunguza upande mmoja na kulainisha chuma kilichokwisha kugumishwa. Nyundo ikipigwa kwenye pete ya nje ili pete ya ndani iingie, nguvu inapita kwenye vigurudumu, navyo vinaacha vishimo vidogo kwenye njia yake. Havionekani kwa jicho, lakini vitasikika baada ya wiki. Na grisi ina kipimo. Kanuni inayotumika viwandani ni kuzidisha kipenyo cha nje kwa upana, kwa milimita, kisha kuzidisha kwa 0.005, na jibu ni gramu za kuongeza kila zamu ya kupaka. Beringi ya namba 22220 ina kipenyo cha nje cha milimita 180 na upana wa 46: inahitaji gramu 41. Bunduki ya grisi ipigwe mara 10 juu ya mizani na uzito ugawanywe kwa 10. Ikitoa gramu 1.4 kwa mpigo, kazi ni mipigo 30. Kijana aliyeambiwa "paka mpaka itoke" atajaza nyumba yote ya beringi, grisi itazunguka bila pa kwenda, beringi itachemka, naye atadhani inahitaji grisi zaidi. Akichanganya grisi mbili zisizopatana, mchanganyiko unalegea na kuvuja wote nje.

Tumekaa kwenye pampu kwa sababu kiwanda kimoja cha shaba kina pampu nyingi sana, na hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji akili ya pekee. Zinahitaji kuonyeshwa, kufanywa mbele ya mtu anayejua, kukosewa na kurekebishwa papo hapo. Darasani mwalimu anaweza kuzichora ubaoni asubuhi nzima na mwanafunzi akapata alama zote, lakini mkono wake bado haujui uzito wa bolti iliyokazwa sawasawa.

Katika jumba la elektrolisisi, ambako umeme hutoa shaba kwenye maji ya asidi na kuigandisha juu ya bamba (kathodi) linalotazamana na bamba la risasi (anodi), makosa hayapigi kelele kama beringi, ila yanakula pesa usiku na mchana. Umeme wa saa moja ya ampea moja unaweka gramu 1.186 za shaba kwenye kathodi, kama hakuna unaopotea. Kwa volti 2.0 kwenye kila tangi na ufanisi wa mkondo wa asilimia 90, tani moja ya shaba inakula karibu kilowati-saa 1,870. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 80, inakula karibu 2,110. Tofauti hiyo ya 240 kwa kila tani, katika mkoa ambao umeme hautoshi, inatokana kwa sehemu kubwa na shoti ambazo hazikutafutwa: kathodi iliyoota vinundu hadi ikagusa anodi, kihami kilichodondoka, nguzo ya mguso iliyojaa chumvi. Fundi mzuri hupita juu ya matangi kila zamu na kipima usumaku au kamera ya joto, anatia alama mahali penye shoti, na papo hapo anamwita wa kuipasua. Chuma kikizidi katika elektroliti, yaani maji hayo ya asidi, nacho kinakula umeme bila kuweka shaba, na hapo tatizo liko hatua ya nyuma, kwa wale wanaotenganisha shaba na uchafu kwa kiyeyushi kabla maji hayajafika kwenye matangi.

Kisha kuna siku umeme wa mtandao unapokatika. Anodi za risasi iliyochanganywa na kalsiamu na bati zinalindwa na safu ya oksidi inayodumu tu wakati mkondo unapita. Mkondo ukikoma, safu hiyo inaharibika, inabanduka, na chembe za risasi zinaingia kwenye shaba. Shaba ya daraja la juu hairuhusiwi kuwa na risasi zaidi ya sehemu 5 kwa milioni. Ndiyo maana jumba hili huwekewa rektifaya (kigeuzi cha umeme kuwa mkondo wa moja kwa moja) ndogo ya akiba na jenereta, kwa ajili ya mkondo mdogo wa kulinda anodi tu. Mtambo huo unapaswa kujaribiwa kila wiki ukiwa umebeba mzigo. Mara nyingi unawashwa ukiwa mtupu, dakika tano, na kutiwa saini kwenye daftari. Siku ya giza lenyewe ndipo betri ya jenereta inagundulika imekufa, au swichi ya kuhamisha mkondo imeganda. Shaba ya zamu hiyo itauzwa kwa bei ya chini, na hakuna atakayeandika kwamba kilichokosekana ni fundi wa umeme wa kuifungua swichi ile na kuisafisha mwezi mmoja nyuma.

Uchomeleaji nao unasemwa kwamba tunao watu wengi, kwa kuwa karakana za Katuba na Kenya, komuni za hapa Lubumbashi, zimejaa mageti mazuri. Geti halibebi shinikizo. Vijiti vya E7018 vinavyotumika kwenye chuma cha kazi nzito vinanyonya unyevu wa hewa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zetu zinapokaza, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha haifai tena hadi vijiti vikaushwe kwenye tanuri kwa digrii 350 hivi kwa saa moja au mbili, kisha vitunzwe kati ya digrii 100 na 150, na mchomeleaji achukue vya saa nne tu. Vikitumika na unyevu wake, hidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unatokea saa au siku kadhaa baada ya kazi kupokelewa. Mabomba ya chuma kisichoshika kutu cha 316L yanataka vijiti vya aina yake, brashi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, na gesi ya argoni ndani ya bomba wakati wa mshono wa kwanza. Bila argoni, upande wa ndani unaungua na kuwa kama sukari iliyokauka, na asidi inaanzia hapo. Mtihani wenyewe unajulikana dunia nzima: bomba lisilozungushwa, limeinamishwa digrii 45, mshono unakatwa vipande, vinakunjwa, na kipande kikifunguka ufa wa zaidi ya milimita 3 mchomeleaji anarudi mazoezini. Tunataka vijana wetu waufanye mtihani huo hapa hapa mjini, na cheti kikubalike migodini bila maswali.

Mambo haya Katanga iliyajua. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni iliyoundwa mwaka 1906, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, zilikuwa na shule zao za ufundi, na kijana alipita mikononi mwa kapita (msimamizi wa kikosi) kwa miaka kabla hajaachiwa mashini. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufika tani 40,000. Katikati hapo mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1990, na nchi ikaingia katika misukosuko iliyowafukuza wengi. Mashini zilisimama, mishahara ikasimama, na hakuna aliyepokea wanafunzi wa kazi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Waliondoka na posho mkononi na ujuzi kichwani, na hakuna aliyewaomba wauache. Kapita aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1986 leo ana miaka 80 hivi.

Halafu viwanda vikarudi. Kanuni ya Madini ya 2002 ilifungua mlango, mitambo mipya ikajengwa kutoka Kipushi hadi Kolwezi, na mwaka 2023 nchi ilivuka tani milioni 2.5 za shaba. Uzalishaji ulizidi mara tano kilele cha Gécamines, lakini ule mnyororo wa mzee kumrithisha kijana haukuunganishwa tena. Mafundi wa kigeni walikuja kujaza pengo, wengi wao watu wa kazi kweli, na mikataba yao ikaandikwa kwamba "watahamisha ujuzi". Ujuzi upi, kwa nani, kwa tarehe ipi, haikuandikwa.

Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi za mkataba mdogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa huwapa wakandarasi, imewapa Wakongomani nafasi, na sisi tunaiunga mkono kabisa. Tatizo liko kwenye namna kazi zinavyotolewa. Mkataba wa miezi mitatu au sita, unaopewa mwenye bei ya chini, unamlazimu mkandarasi akate gharama, na vya kwanza kukatwa ni mwanafunzi wa kazi na vyombo vya kupimia. Anabaki na kikosi cha watu wanaojua kufungua na kufunga. Na hakuna mkandarasi atakayemfundisha kijana miaka mitatu wakati yeye mwenyewe hajui kama atakuwepo mwezi wa saba.

Staji za wanafunzi, yaani mazoezi ya kazini, hali yake ni ile ile. Kijana anapelekwa mwezi mmoja, anapewa koti la kung'aa na kofia, anazungushwa, anaandika ripoti aliyoinakili kwa mwenzake wa mwaka jana, anapigiwa muhuri. Kampuni haitaki aguse kitu kwa hofu ya ajali, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kumsimamia. Lazima tuseme pia kwamba baadhi yetu wahandisi tumelikuza tatizo. Tumewafanya vijana waamini kwamba kupanda cheo ni kuondoka karakanani kwenda ofisini, na anayebaki na mikono ya mafuta baada ya miaka kumi ameshindwa maisha. Mshahara unasema vivyo hivyo. Mchomeleaji aliyefaulu mtihani wa digrii 45 analipwa chini ya karani, kisha tunashangaa kwa nini anaendesha teksi.

Kuna mambo yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya. Kanuni ya Kazi ya 2002 inautambua mkataba wa kujifunza kazi. Kampuni za migodi ziweke sharti katika kila zabuni ya matengenezo inayozidi mwaka: kwa kila mafundi watano, mwanafunzi mmoja mwenye mkataba huo, na gharama yake iandikwe kwenye mstari wake ili mwenye bei ya chini asiifute. Zabuni zenyewe ziwe za miaka mitatu. Mwanafunzi awe na daftari la kazi lenye orodha: kusawazisha shafti za pampu kumi kwa komparateri kabla ya kuruhusiwa kugusa kifaa cha leza, kufunga beringi ishirini, kupima kihami cha mota kwa megger (kipimo cha ukinzani wa kihami) na kuandika joto la siku hiyo pembeni, kubadilisha sili za pampu za asidi akiwa amevaa mavazi kamili. Kila kazi itiwe saini na aliyemsimamia kwa jina lake, ili mwajiri anayefuata ajue amuulize nani. Mgeni anayeletwa kwa kazi ya ufundi apewe vijana wawili na daftari hilo hilo, na kuongezewa muda wa mkataba wake kutegemee saini zilizomo.

Fedha nazo zipo. Waajiri wanachangia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, kwa sheria: asilimia 3 ya mishahara kwa kampuni binafsi zisizozidi wafanyakazi 50, asilimia 2 kutoka 51 hadi 300, asilimia 1 kwa zinazozidi hapo. Migodi mikubwa ndiyo yenye mishahara mikubwa. Tunaomba sehemu inayoeleweka ya fedha inayotoka mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba ibaki huku, kwenye vyombo vya karakana na vijiti vya mazoezi, maana mchomeleaji mmoja hadi afaulu atachoma vijiti kilo kwa kilo, na shule nyingi zinampa vijiti vya kuhesabu. Wazee waliobaki wa Gécamines walipwe kwa saa, waje mara mbili kwa wiki, wakae kwenye kiti pembeni ya mashini na kusahihisha. Hawatakuwepo daima.

Kwa shule za ufundi, za serikali na za mapadri, karakana ya kuanzia si kubwa kama inavyodhaniwa: pampu mbili na mota mbili za kilowati 15 juu ya kitako cha chuma, komparateri nne, seti ya vibati kuanzia milimita 0.05, hita ya beringi, mizani ya gramu, tanuri la vijiti na ufunguo wa kukaza wenye kipimo. Wasichana waingizwe tangu mwanzo. Kusoma komparateri hakuhitaji kifua kipana. Pampu chakavu za kufundishia zimelala nyuma ya viwanda kutoka hapa hadi Kolwezi. Kampuni itakayokubali kutoa moja, tunaiomba iitoe pamoja na kapulingi yake na kitabu cha mtengenezaji, kwa sababu bila kitabu hicho mwalimu hana vipimo vya kumsahihishia mwanafunzi.

Kundi la mafundi na wahandisi wa matengenezo,
Lubumbashi